Swali Lisiloulizwa Siku ya 42

Siku ya 42 baada ya kujifungua, mama anatakiwa arudi kliniki na mwanawe. Mtoto anapimwa uzito, anatazamwa kitovu, anapangiwa chanjo. Mama anapimwa presha, anaulizwa kama damu imekata, kama maziwa yanatoka, na kama ameshachagua njia ya uzazi wa mpango. Nyumbani nako, karibu na siku hiyohiyo, arobaini imetimia: bibi aliyekuja kumkanda kwa maji ya moto anafunga mzigo wake arudi kwake, mkaja unafunguliwa, na mume anarudi kitandani. Hospitali na ukoo, kila upande kwa njia yake, wameshaamua kwamba mwili huu sasa uko tayari. Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye mwili: ukikohoa, mkojo unakutoka?

Niweke msimamo wangu mapema. Kuvuja mkojo hakuui, na ndiyo maana hakupewi nafasi katika mipango yetu ya afya. Kinachoharibika ni akili ya mtu na unyumba wake, na vyote viwili huharibika polepole, nyuma ya mlango uliofungwa. Kila mara tunapolijadili jambo hili, lawama humwangukia mgonjwa: kwa nini alinyamaza? Mimi naona lawama imeenda pasipo pake. Aliyenyamaza ni yule aliyesomea kuuliza, analipwa ili aulize, na hakuuliza.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Kuna kuvuja kwa msukumo: mtu akicheka, akipiga chafya, akijitwisha ndoo, tone linatoka. Misuli inayobeba kibofu kwa chini imelegea kama kamba za kitanda cha zamani. Kuna kuvuja kwa haraka: haja inakuja ghafla, na kabla hujaufikia mlango wa choo umeshachelewa, kwa sababu kibofu kinajikaza chenyewe bila ruhusa yako. Wengi wana vyote viwili. Halafu kuna fistula, ambapo uchungu wa muda mrefu bila msaada umeacha tundu kati ya kibofu na uke, na mkojo unatiririka mchana na usiku.

Fistula angalau imepata watetezi. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha siku yake, 23 Mei, mwaka 2013, miaka kumi baada ya shirika lake la idadi ya watu, UNFPA, kuzindua kampeni ya kuitokomeza. Hapa Tanzania, hospitali ya CCBRT ilipata wazo ambalo lilipaswa kuigwa na kila mtu: kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa, kupitia watu wanaowatambua huko vijijini, ili umbali usiwe kizuizi. Ni kazi ya kujivunia. Lakini sifa zote za fistula zimeacha kivuli, na ndani yake wamekaa wengine wengi mno. Mwanamke anayelowa kidogo kila akinyanyua mtoto anasikia tangazo la fistula redioni, anajisemea kwamba yeye si wa huko, anaendelea kukunja kitambaa.

Wengi kiasi gani? Mkoa wa Nord-Trøndelag, Norway, uliwahi kuwauliza wanawake karibu 28,000, na robo yao walisema mkojo huwatoka bila kutaka. Uchambuzi wa takwimu hizohizo, uliochapishwa mwaka 2003, ulitenganisha walio chini ya miaka 65 kwa namna walivyozaa: miongoni mwa wasiowahi kuzaa waliovuja walikuwa asilimia 10, waliozaa kwa upasuaji tu karibu 16, waliozaa kwa njia ya kawaida 21. Norway si Ifakara. Huko hakuna anayetwishwa kuni wiki tatu baada ya kujifungua, na wanawake wa kuzaa watoto saba ni wa kutafuta. Hata hivyo takwimu hizo zinatuondolea uongo mmoja wa mitaani, kwamba anayevuja alilegea kwa sababu ya tabia zake. Hata asiyezaa anavuja. Hata aliyezaa kwa kisu.

Sasa akili. Watu hudhani huzuni ya mtu anayevuja inatokana na aibu peke yake. Aibu ipo, lakini njia ni ndefu kuliko hapo, na inapita kwenye mambo madogo ambayo daktari wa akili hayaoni na daktari wa mkojo hayaulizi.

Chukua safari ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Kwa abiria wengine, kusimama kuchimba dawa ni kunyoosha miguu na kununua mahindi. Yeye anayevuja ameanza kujiandaa tangu jana yake: hajanywa maji, hajanywa chai, amevaa nguo nyeusi, amechagua kiti cha jirani na mlango, na amekalia kanga iliyokunjwa mara nne. Kumbe kutokunywa maji kunamgeuka. Mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu, choo kikubwa kinakuwa kigumu, kujikamua kunazidi kuilegeza misuli ya chini, na kuvuja kunaongezeka. Usiku anaamka mara tatu, mara nne. Mtu asiyelala usingizi wa kueleweka kwa miezi hahitaji aibu ili apate sonona. Kukosa usingizi peke yake kunatosha kumfikisha.

Halafu anaanza kujitoa. Kwanza kwaya, kwa sababu kuimba kwa nguvu kunasukuma tumbo. Kisha kikoba, kwa sababu wanakaa mkekani kwa saa mbili. Kisha harusi, kwa sababu ya kucheza. Ukimuuliza mmojammoja atakupa sababu nzuri tu: mafua, mtoto, hela ya sare. Majirani wanasema siku hizi anaringa.

Kwa Waislamu kuna jeraha la zaidi. Nimesikia wazee wa pwani walioacha kwenda msikitini, wakiamini kwamba mtu asiyekaa na udhu hana swala. Na hapo ndipo uchungu ulipo, maana fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa pwani yote hii, ililimaliza suala hilo zamani. Mwenye hadathi ya kudumu, yaani asiyeweza kukizuia kinachotengua udhu, anangoja wakati wa swala uingie, anajisafisha, anajifunga kitambaa au pedi, anatia udhu, anaswali bila kuchelewa. Tone likimtoka akiwa amesujudu, swala yake ni sahihi. Atatia udhu mwingine kwa faradhi inayofuata. Masheikh wanaijua hukumu hii vizuri sana. Inafundishwa darasani katika mlango wa twahara, haraka, kama jambo la vitabuni, huku mwenye kuihitaji amejifungia nyumbani akiamini Mungu amemkataa. Khutba moja tu ya Ijumaa ingewarudisha wengi kwenye safu kuliko vipeperushi vya wizara.

Ushahidi wa kitabibu unaelekea hukohuko. Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta dalili za sonona kwa wanawake 51 kati ya 70 wenye fistula waliohojiwa hospitalini. Moshi, katika hospitali ya KCMC, watafiti waliwalinganisha wanawake wenye fistula na wengine waliofika kliniki ya magonjwa ya wanawake: wenye fistula walikuwa na sonona na kiwewe zaidi, na watu wa kuwashika mkono wachache zaidi. Baada ya upasuaji, hali ya akili ilinyanyuka. Lakini walioendelea kuvuja hata baada ya tundu kuzibwa hawakunyanyuka kama wenzao, na hao wapo katika kila hospitali inayofanya kazi hii. Kwenye faili wameandikwa wamepona, kwa sababu tundu limefungwa. Kitandani bado wanalowa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba barabara hii ina pande mbili. Wanorway walewale walifuatiliwa kwa takriban miaka kumi: waliokuwa wakivuja walielekea zaidi kupata wasiwasi na sonona, na waliokuwa na wasiwasi au sonona mwanzoni walielekea zaidi kuanza kuvuja. Si ajabu sana. Kibofu kinaendeshwa na mishipa ya fahamu na kemikali zilezile zinazogusa hisia. Dawa ya sonona iitwayo duloksetini imeidhinishwa Ulaya itumike pia kwa wanawake wanaovuja kwa msukumo. Kwa hiyo mganga anayemwambia mama kuwa hilo la mkojo ni mawazo tu amepata nusu, akaitumia vibaya. Mawazo yapo, na yanatibika, na kuyatibu hakumaanishi kukiacha kibofu.

Tuingie chumbani, maana huko ndiko mambo yanakoharibika bila shahidi.

Mfikirie Mama Zuhura, miaka 34, watoto watatu, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Kabla mumewe hajaja kulala ameshakwenda chooni mara mbili. Ametandika khanga kuukuu chini ya shuka, upande wake tu. Taa anataka izimwe, na kama haizimwi anaumwa kichwa. Mume akimkaribia anaanza kuhesabu: nikikaa hivi kibofu kitabanwa, nikikaa vile kitabanwa. Anapokaribia kufika kileleni anajizuia, anausukuma mwili wake nyuma makusudi, kwa sababu ndipo alipolowesha godoro mara ya mwisho.

“Siku hizi unaniona kinyaa?” anauliza Baba Zuhura.

“Hapana, baba Zuhura. Mgongo tu.”

Mgongo unauma wiki hii, na wiki ijayo, na mwezi ujao. Mume hajui lolote kuhusu kibofu. Anachokijua ni kwamba mkewe hamtaki, na mwanamme akifika hapo huanza kumtafuta mwizi. Simu inapekuliwa. Shemeji anaitwa. Mama Zuhura anakubali kutuhumiwa kuwa na mtu nje kuliko kusema neno moja la kweli, na kama hilo linakushangaza, basi hujawahi kuona jinsi mtu mzima anavyochekwa akiitwa kikojozi.

Mama Zuhura nimemtunga, ila kuvuja wakati wa tendo kuna maelezo yake ya kitabibu. Mkojo ukitoka pale mwanzo, wakati wa kuingiliana, mara nyingi chanzo ni misuli iliyolegea. Ukitoka kileleni, mara nyingi zaidi ni kibofu kinachojikaza hovyo. Matibabu yake hayafanani. Tofauti hiyo haionekani kwa kipimo chochote cha maabara. Inaanza kujulikana kwa kuuliza, na kwa kuuliza bila kukunja uso.

Hapa kuna mzaha wa aina yake katika utamaduni wetu. Nenda Kagera, utasikia katerero ikisifiwa: maji mengi ya mwanamke kitandani ni fahari ya nyumba, ni ushahidi kwamba mume anajua kazi. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wanaiita kunyaza. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa waliwapima kwa mashine ya ultrasaundi wanawake 7 wanaotoa maji mengi wakati wa kusisimka. Kibofu walichokimwaga kabla kilijaa tena, kisha kikawa kitupu baada ya maji kutoka, na maji yenyewe kwa sehemu kubwa yalikuwa mkojo. Kwa hiyo majimaji yanayofanana sana yanaweza kupigiwa vigelegele Bukoba na kuvunja ndoa Temeke. Sisemi katerero ni ugonjwa, na anayeifurahia asije akakimbilia hospitali kwa ajili yangu. Nasema kinachoumiza hapa ni maana tuliyoyapa maji hayo na hofu ya kutoyadhibiti. Wenza wakishazungumza, taulo moja nene huokoa mengi kabla hata dawa haijaandikwa.

Lakini mazungumzo tuliyo nayo kuhusu nyonga ya mwanamke yanamhusu mwanamme. Kwenye kichen pati, na kwenye unyago kabla ya kichen pati hazijazaliwa, kungwi humfundisha mwari kubana na kuachia, ili mume asitoke nje. Ni misuli ileile! Arnold Kegel, daktari wa Kimarekani, aliyachapisha mazoezi hayo mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliolegea baada ya kujifungua, lakini kungwi hakumsubiri. Tatizo ni kwamba somo la kungwi linakoma pale raha ya mume inapokoma. Mwari haambiwi kwamba kubana huko kutamfaa yeye mwenyewe akikohoa akiwa na miaka 50. Na baada ya uzazi, mahali pa mazoezi pameingia shabu na vidonge vya kukaza uke vinavyouzwa mitandaoni. Shabu inakausha na kuchubua ngozi ya ndani. Misuli inayoshika kibofu haiigusi hata kidogo. Mwanamke anaishia na maumivu juu ya kuvuja, na sababu mpya ya kulikwepa tendo.

Wanaume hawakusalimika. Aliyeondolewa tezi dume lote kwa sababu ya saratani anaweza kuvuja kwa miezi, akapoteza nguvu za kusimamisha kwa muda mrefu zaidi, na wengine mkojo huwatoka kileleni. Kwa wengi kuvuja hupungua ndani ya mwaka mmoja, lakini inafaa aambiwe hivyo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, tena mbele ya mkewe. Kisukari nacho huua mishipa ya kibofu na ya uume kwa wakati mmoja. Mzee anayenunua dawa ya nguvu za kiume kwa mmachinga, huku anakwenda haja ndogo kila saa na ana kiu isiyokwisha, alihitaji kupimwa sukari, kipimo cha tone moja la damu. Huzuni ya mwanamme nayo haifanani na tuliyoizoea. Haji analia. Anaacha bao, anaacha baraza, anakuwa mkali kwa wajukuu, au chupa inakuwa rafiki yake.

Na kuna suala la hela, nalipitia tu. Kenya iliondoa kodi kwenye pedi mwaka 2004. Tanzania iliiondoa VAT mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019. Mijadala yote miwili niliyoifuatilia ilimzungumzia msichana wa shule, na ni sawa azungumzwe. Bibi wa miaka 67 anayechana kanga zake za zamani vipande, anavifua usiku na kuvianika ndani ili wakwe wasivione, hakutajwa na mbunge yeyote niliyemsikia.

Yote haya yangekuwa ya kukatisha tamaa kama tiba isingekuwepo. Ipo, na ya kwanza haina bei. Kubana misuli kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele za watu, bila kukaza tumbo wala mapaja, mara nane kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku, kwa miezi mitatu isiyopungua. Wengi huyakosea wakifundishwa kwa maneno matupu, wanasukuma badala ya kuvuta, hivyo anahitajika mtu wa kuhakikisha. Mwenye haja ya ghafla hufundishwa kukichelewesha kibofu kidogokidogo. Aliyekoma hedhi anaweza kusaidiwa na krimu ya homoni ya estrojeni ya kupaka ukeni. Upasuaji upo kwa wanaouhitaji. Ila miezi mitatu ya mazoezi ya kila siku ni mlima kwa mtu mwenye sonona, ambaye hata kuoga kunamshinda. Ukimpa mazoezi bila kumuuliza usingizi wake ukoje na moyo wake ukoje, umempa jambo jingine la kushindwa.

Sasa zile kampeni za kuvunja ukimya. Sizipendi, na nitasema kwa nini. Zinamtaka aliyejeruhiwa kuliko wote awe wa kwanza kusimama. Mama aliyeshindwa kumwambia mume aliyeishi naye miaka kumi na miwili hatamwambia mgeni mwenye koti jeupe, katika chumba chenye pazia badala ya mlango, foleni ikisikiliza nje. Asubuhi nzima ya ujasiri inaweza kuishia kwa kusema, “Nimekuja kwa ajili ya mgongo.”

Muuguzi anaweza kuubeba mzigo huo kwa sentensi mbili. Tatizo lake ni la adabu: ana miaka 24, na aliyekaa mbele yake ni wa umri wa mama yake mzazi. Ataanzaje kuuliza habari za kitandani? Aanze kama anavyoanza mtoto wa watu: “Shikamoo, mama. Akina mama wengi waliozaa huniambia mkojo unawatoka wakikohoa au wakiwa faragha na baba. Kwako ikoje?” Hapo mama hahitaji kuungama. Ameambiwa kwanza kwamba wapo wengi, na tendo la ndoa limeshatajwa na mtu mwingine. Atajibu au atatikisa kichwa, na hata kichwa kinaandikika. Swali hilo likichapishwa kwenye kadi ya kliniki, kwenye safu ya siku ya 42, muuguzi hataonekana amekosa haya. Atakuwa anasoma kilichoandikwa.

Najua pingamizi: kuuliza bila kuwa na pa kumpeleka ni ukatili. Wataalamu wa fiziotherapia, wanaofundisha mazoezi ya tiba, wako hospitali za mikoa, wamezidiwa na wagonjwa wa kiharusi na mifupa. Sawa. Lakini tazama yanayowezekana palepale, kwenye zahanati, kwa dakika kumi: mkojo upimwe kama una maambukizi, sukari ipimwe, dawa za presha ziangaliwe kama kuna ya kuongeza mkojo inayoweza kuhamishiwa asubuhi, mazoezi yafundishwe, na aulizwe analala saa ngapi na ni lini mara ya mwisho alifurahia jambo. Arudi baada ya mwezi. Na anayesema analowa muda wote, akiwa amekaa, amesimama au amelala, tangu alipojifungua, huyo asipewe mazoezi wala kurudishwa nyumbani. Aandikiwe rufaa siku hiyohiyo, na nauli yake itafutwe.